Ukurasa mmoja wenye milango mingi

Wasikilizaji kadhaa wamenipigia simu wakitaka niwaeleze kwa nini mifumo ya kompyuta ya siku hizi, ile tunayojazia fomu za mikopo, za vyuo, za leseni na za matibabu, hukaa kimya muda mrefu mwanzoni ikizungusha kiduara, kisha ikishafunguka huenda mbio kama basi lililokwishatoka Msamvu. Mwingine, muuguzi wa zahanati moja ya upande wa milimani, aliuliza jambo zito zaidi. Alitaka kujua kwa nini akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma hujikuta ametupwa nje hadi kwenye mlango wa kuingilia, na maelezo ya mama mjamzito aliyeketi mbele yake, ambayo alikwisha kuyaandika, yamefutika yote. Huanza upya. Na foleni iko pale pale kwenye benchi.

Maswali haya mawili, mpenzi msomaji, ni ndugu wa tumbo moja. Jibu lake liko mahali ambapo sisi watumiaji hatupaoni: namna mjenzi wa mfumo alivyogawa vyumba vya nyumba yake, na namna alivyoviwekea anwani. Redioni nilikuwa na dakika kumi tu. Hapa gazetini nitajinafasi kidogo.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Zamani, na hata leo kwa tovuti nyingi, kila unapobonyeza kitu, ile programu ya kufungulia mtandao, ambayo kwa Kiswahili inaitwa kivinjari, hupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta iliyoko mbali inayohudumia watu wengi. Seva hurudisha ukurasa mzima: nembo, kichwa, orodha ya pembeni, picha ya mkurugenzi akitabasamu, na katikati kile kidogo ulichokuwa unakitaka. Ukibonyeza tena, ukurasa mzima unatupwa na mwingine unaletwa, na picha ya mkurugenzi inachorwa upya. Ni sawa na mtu wa Kinole anayeteremka mjini kununua chumvi, akapanda nayo mlimani, kisha akateremka tena kununua sabuni, na tena kununua kiberiti.

Mwaka 2004 kampuni ya Google ilipotoa huduma ya barua pepe ya Gmail, na mwaka uliofuata ramani zake, watu wakaona jambo jipya. Unafungua barua, unaifunga, unafungua nyingine, lakini ukurasa haumetimeti wala hauanzi upya. Ramani unaivuta, nayo inajiongeza yenyewe. Baadaye zikatokea zana za kuwarahisishia wajenzi kazi ya namna hiyo: AngularJS ya Google mwaka 2010, React ya Facebook mwaka 2013, Vue mwaka 2014. Mtindo huo ndio unaoitwa programu ya ukurasa mmoja. Simu yako hupakua mara moja ukurasa ulio karibu mtupu, pamoja na programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Kuanzia hapo ukurasa ule haubadilishwi tena. Programu yenyewe, ikiwa ndani ya simu yako, ndiyo inayofuta na kuchora sehemu inayotakiwa, na kinachosafiri kati ya simu na seva ni taarifa tupu: jina, namba, tarehe, kipimo cha damu. Mtu wetu wa Kinole amepandisha duka zima mlimani kwa safari moja.

Jambo zuri, lakini duka zima ni mzigo. Hebu tupige hesabu. Chukua mfumo wenye uzito wa megabaiti 5, uzito ambao si wa ajabu kabisa siku hizi. Katika ofisi yenye intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, mzigo huo unafika kwa sekunde 2, na mjenzi anapiga makofi. Katika bonde ambalo simu inashika mtandao kwa kilobiti 100 kwa sekunde, mzigo ule ule unahitaji sekunde 400, karibu dakika 7, endapo mtandao hautakatika katikati. Na ukishafika, simu ya bei ndogo bado ina kazi ya kuyasoma maagizo yote hayo kabla ya kuonyesha kitu. Kwa muda wote huo mbele ya mtumiaji ni ukurasa mweupe na kile kiduara.

Hata wakubwa yamewakuta. Kampuni ya Twitter, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa X, iliuhamishia mtandao wake kwenye mtindo huu wa kuchora kila kitu ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Mwezi Mei 2012 wahandisi wake walitangaza kwamba wamerudisha kazi ya kuandaa ukurasa wa kwanza kwenye seva zao, na kwamba muda wa kufunguka umeshuka hadi sehemu moja ya tano ya ule wa awali. Kama wenye fedha na mitambo ya California walilazimika kuteremsha mzigo, sisi wa mabonde ya Uluguru tuna haki ya kuuliza unapimwaje.

Dawa ya mzigo mkubwa kila mchukuzi anaijua: kuugawa. Katika programu, kila fungu linaitwa moduli. Swali ni kwamba ugawe kwa kipimo gani, na hapo ndipo mafundi wanapotofautiana na wabahatishaji.

Ingia zahanati yoyote ya Tanzania utakuta vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao umekuwapo tangu miaka ya 1990. Kuna kitabu cha wagonjwa wa nje, kuna cha wajawazito, cha watoto, cha uzazi wa mpango, cha wanaojifungua. Kila kitabu kinabeba kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyewaza kuweka kitabu kimoja cha majina yote, kingine cha tarehe zote, cha tatu cha vipimo vyote. Angefanya hivyo, muuguzi angefungua vitabu vitatu kwa ajili ya mama mmoja, na siku kimoja kikichukuliwa na mkaguzi, kazi zote zingesimama.

Ajabu ni kwamba wajenzi wengi wa programu hufanya jambo hilo hilo. Huweka jalada moja la vitufe vyote, jalada moja la fomu zote, jalada moja la maagizo yote ya kuzungumza na seva. Mfumo ukiwa mdogo hakuna anayeumia. Ukikua, kila badiliko hugeuka kuwa msako wa nyumba kwa nyumba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8 badala ya yale mahudhurio 4 yaliyozoeleka. Kwa mfumo uliogawanywa kwa kazi, fundi hufungua moduli ya wajawazito, akabadilisha, akafunga. Kwa mfumo uliogawanywa kwa aina ya vitu, ile namba 4 imejificha kwenye fomu huku, kwenye ripoti kule, na kwenye kikumbusho cha tarehe mahali ambapo aliyekiandika alikwisha kuacha kazi.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas aliandika makala mashuhuri juu ya kipimo cha kugawia programu. Enzi hizo wengi waligawa kwa kufuata hatua za kazi: fungu la kwanza lisome, la pili lipange, la tatu lichapishe. Yeye alitoa hoja kwamba anza na orodha ya maamuzi magumu au yanayoelekea kubadilika, kisha kila moduli ifiche uamuzi mmoja wa namna hiyo, zile nyingine zisijue. Moduli ya dawa ijue jinsi stoo ya dawa inavyohesabiwa. Moduli ya maabara isijue wala isitake kujua. Maabara ikihitaji kitu, iombe dirishani. Isipite mlango wa nyuma na kujichukulia rafuni.

Kuna vitu vinavyotumika na wote, kama utambulisho wa mgonjwa, kalenda na ruhusa za kuingia. Hivi huwekwa katika moduli ya pamoja, na ni sawa. Ila moduli ya pamoja ina tabia ya kile chumba kilichomo katika kila nyumba yetu, ambacho hakina jina lakini ndani yake mna redio mbovu, mwavuli uliovunjika na gunia la mahindi. Kila asiyejua pa kuweka kitu hukisukumia humo. Baada ya miaka miwili chumba hicho ndicho kizito kuliko vyote, na kwa kuwa kila moduli inakihitaji, kila mtumiaji analazimika kukipakua chote. Aidha fundi mzuri huchunga mafungu mawili yasitegemeane kwa mzunguko, wajawazito wakihitaji maabara na maabara ikihitaji wajawazito, maana hapo hujagawa kitu. Umeufunga mzigo ule ule kwa kamba mbili.

Sasa tuje kwenye anwani. Vyumba vimejengwa, lakini ukurasa ni mmoja. Mtu atajuaje yuko chumba gani, na atampelekaje mwenzake huko? Kazi hiyo hufanywa na kipande cha programu ambacho wajenzi hukiita rauta, jina lile lile la kiboksi cha intaneti ukutani, ingawa hiki ni maandishi tu. Mfikirie kama karani wa mapokezi. Anasoma yale maneno yaliyoko juu kwenye kivinjari, kwa mfano wagonjwa/417/ujauzito, kipande baada ya kipande. Neno la kwanza linamwambia aite moduli ya wagonjwa. Namba inamwambia ni nani. Neno la mwisho linamwambia ni karatasi gani ya mgonjwa huyo. Ukihama kutoka ujauzito kwenda maabara, karani hagusi jina la mgonjwa lililoko juu wala orodha ya pembeni. Hubadilisha kile cha ndani tu.

Karani huyu hana akili ya kubuni. Anafuata orodha aliyopewa, na katika zana nyingi huifuata kutoka juu kwenda chini na kushika kanuni ya kwanza inayolingana. Ukiandika kwanza kanuni inayosema wagonjwa/ kisha namba yoyote, halafu chini yake wagonjwa/mpya, basi kila anayetaka kusajili mgonjwa mpya ataambiwa mgonjwa mwenye namba "mpya" hayupo. Kosa la mstari mmoja, na asubuhi nzima usajili umesimama. Ndiyo maana anwani mahususi hutangulia, za jumla hufuata, na mwishoni kabisa huwekwa kanuni ya kupokea waliopotea, inayomwambia mtu kwa lugha ya kiungwana kwamba ukurasa huo haupo na kumwonyesha njia ya kurudi.

Hapo tumefika kwa muuguzi wetu. Kivinjari hutunza kumbukumbu ya safari yako, anwani moja baada ya nyingine, na kitufe cha kurudi nyuma hukurudisha kwenye anwani iliyotangulia. Lakini kama mfumo unabadilisha picha mbele yako bila kubadilisha anwani, kivinjari hakijui kwamba umetembea. Wewe umepita vyumba sita. Kwake yeye bado umesimama kizingitini. Ukibonyeza kurudi, anakupeleka nyuma ya kizingiti, yaani nje. Na kwa kuwa yale uliyokuwa ukiandika yalikuwa katika kumbukumbu ya muda ya ukurasa ule, ukurasa ukiondoka nayo yanaondoka. Kwa dalili alizozieleza muuguzi, ugonjwa ni huo. Tiba yake inajulikana: kila hatua ya fomu iwe na anwani yake, maandishi ambayo hayajatumwa yahifadhiwe ndani ya simu au kompyuta kila baada ya muda mfupi, na mtu akitaka kutoka kabla ya kuhifadhi aulizwe kwanza.

Nitaongeza kidogo kuhusu alama ya reli, hii #, maana wengi wameiona katika anwani na kuidhania ni uchafu. Mwanzoni kivinjari hakikuruhusu programu ibadilishe anwani bila kuomba ukurasa mpya kwa seva. Sehemu pekee iliyokuwa huru ilikuwa ile inayofuata alama hiyo, kwa sababu haipelekwi kwa seva kabisa. Basi wajenzi wakaweka anwani zao za ndani humo. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa ushirikiano na vyuo vingine kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambao mwaka 2013 ulienezwa nchini kwetu kukusanya takwimu za MTUHA, hutumia alama hiyo katika sehemu zake nyingi. Faida yake ni kwamba programu inaweza kuwekwa kwenye seva yoyote bila kuipa seva maelekezo ya ziada.

Kuanzia mwaka 2010 hivi vivinjari vilianza kuruhusu anwani safi isiyo na alama hiyo. Ni nzuri machoni, lakini ina mtego. Ukiwa ndani, ukienda wagonjwa/417, rauta anakupokea. Ukibonyeza kitufe cha kufungua upya, au ukimtumia mwenzako anwani hiyo, ombi linakwenda kwa seva, na seva haina jalada lolote lenye jina hilo. Hujibu 404, haipo. Dawa ni kuiambia seva kwamba kwa anwani yoyote ya eneo hilo irudishe ukurasa ule ule mtupu wa mwanzo, kisha rauta atajua la kufanya. Ni agizo la mistari michache, na nimeona mfumo wa ofisi moja ukikaa miezi bila agizo hilo huku watumishi wakikatazwa kwa tangazo la ukutani wasibonyeze kitufe cha kufungua upya.

Mambo mawili tuliyoyatenganisha, vyumba na anwani, hukutana kwenye jambo moja ambalo ndilo linalomgusa mwenye simu ya bando. Kwa kuwa rauta anajua unataka kwenda wapi, hana sababu ya kukubebesha vyumba usivyovitaka. Lugha ya JavaScript ilipewa utaratibu rasmi wa moduli mwaka 2015, na mwaka 2020 ukaingizwa rasmi utaratibu wa kuita moduli pale inapohitajika, programu ikiwa inaendelea. Hivyo kwenye orodha ya karani, mbele ya anwani ya maabara, huandikwi mzigo wenyewe. Huandikwa mahali ulipo. Muuguzi asiyefungua maabara hapakui maabara. Ule mfumo wetu wa megabaiti 5 unaweza kuanza na kilobaiti 300 za mapokezi na kliniki, na kwa mtandao ule ule hafifu wa kilobiti 100 hizo ni sekunde 24. Vyumba vingine vinafuata vikiitwa, na vikishafika hutunzwa katika simu, kesho havipakuliwi tena. Lakini angalieni kinachotakiwa ili hesabu hiyo itimie: moduli ziwe zimegawanyika kweli kweli. Kama kliniki imechomoa vitu maabara kupitia mlango wa nyuma, kuipakua kliniki ni kuipakua na maabara. Ugawaji mbaya wa ndani hulipwa kwa bando na mtu asiyemjua aliyegawa.

Mfano mzuri wa haya yote umeota hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulioundwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access. Huduma za UKIMWI zilipopanuka chini ya mpango wa AMPATH, mfumo ule ulizidiwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis pamoja na wale wa shirika la Partners In Health wakaanza kubuni mwingine, wakauita OpenMRS, na ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Maandishi yake yako wazi, kila nchi inaruhusiwa kuyachukua na kuyarekebisha. KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vya afya vya Kenya, umejengwa juu yake.

OpenMRS ilijengwa kwa moduli, kwa sababu ya msingi kabisa: kliniki ya Eldoret na hospitali ya kijijini Rwanda hazitaki kitu kimoja. Sehemu iliyo ya wote ikaitwa kiini, na kila nchi ikaongeza moduli zake bila kuugusa moyo wa mfumo. Lakini upande wa mbele, yaani ule unaoonekana kwa macho, kila kundi lilikuwa likijijengea lake. AMPATH walitengeneza programu yao ya ukurasa mmoja kwa zana ya Angular, wengine wakatengeneza zao. Kazi ile ile ilifanywa mara nyingi na watu ambao wangeweza kusaidiana.

Toleo la tatu la OpenMRS lilibuniwa kuondoa hali hiyo, na namna lilivyopangwa ndiyo somo la leo likiwa limesimama kwa miguu yake. Kuna ganda, ambalo lenyewe halijui lolote kuhusu malaria wala ujauzito. Kuna moduli nyingi zilizojengwa na makundi mbalimbali katika nchi mbalimbali: ya kuingia, ya usajili, ya faili la mgonjwa, ya miadi. Kila moduli huja na karatasi yake inayotangaza: mimi nashika anwani hizi, na nina vipande hivi ambavyo naomba vipachikwe mahali fulani katika kurasa za wengine. Kisha kuna orodha moja inayosema kila moduli inapatikana wapi. Ganda husoma orodha na karatasi hizo na kuunganisha yote kwa msaada wa zana iitwayo single-spa. Hakuna daftari kuu la njia ambalo lazima kila fundi apange foleni kuliandika. Hospitali isiyolaza wagonjwa huiondoa moduli ya wodi kwenye orodha, na kwa mtumiaji ni kama haikuwahi kuwapo.

Kitu kimoja katika anwani za mfumo huo kimenifurahisha mimi binafsi. Ukifungua faili la mgonjwa, anwani haionyeshi jina lake. Huonyesha mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usioeleweka kwa binadamu. Baadhi yenu mtasema ni urembo wa kitaalamu. Kumbukeni kwamba anwani hubaki katika historia ya kivinjari, na kompyuta ya kituo hutumiwa na watu wengi. Anwani yenye jina la mtu na neno kliniki ya UKIMWI ni siri iliyobandikwa mlangoni.

Hapo hapo niseme neno kuhusu kufuli, kwa kuwa kuna wauza mifumo wanaojivunia kwamba karani wao wa njia humzuia asiyeruhusiwa kuingia chumba cha wakubwa. Anaweza kumzuia asiingie, ni kweli, na ni adabu nzuri. Lakini karani huyo anaishi ndani ya simu ya mtumiaji, na kijana mwenye ujuzi kidogo anaweza kumpita. Kufuli la kweli liko kwenye seva, ambayo kila inapoombwa taarifa lazima iulize upya: wewe ni nani, na hii inakuhusu? Mfumo usiofanya hivyo umeficha mlango kwa pazia.

Kuna pia shida ambayo huzuka siku mfumo unapoboreshwa, na ambayo huwachanganya watumiaji kuliko zote. Muuguzi alifungua mfumo asubuhi. Saa tano mafundi wa mjini wanaweka toleo jipya na kufuta vipande vya zamani. Saa sita muuguzi anabonyeza maabara kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ganda alilonalo ni la asubuhi, linaomba kipande cha asubuhi, na kipande hicho hakipo tena duniani. Ukurasa mweupe. Atasema mtandao mbaya, ataizima simu na kuiwasha. Mtandao hauna hatia. Mafundi makini huacha vipande vya zamani kwenye seva kwa siku kadhaa, na huifundisha programu kwamba kipande kikikosekana, imwambie mtu ahifadhi kazi yake kisha ijifungue upya.

Sasa, wako kati yenu wasomaji mnaokaa katika kamati za zabuni, za shule, za hospitali na za halmashauri, na wauzaji huja kwenu na kompyuta zao zinazong'aa. Hamhitaji kujua JavaScript ili kuwapima. Mwambie muuzaji aingie hadi kwenye chumba cha ndani kabisa cha mfumo wake, kisha unakili anwani iliyoko juu na kuifungua katika simu yako wewe. Kama inakurudisha mwanzo hata baada ya kuingia kwa jina na nywila, muulize kwa nini. Bonyeza kitufe cha kufungua upya ukiwa humo ndani. Jaza fomu nusu, bonyeza kurudi nyuma, kisha usonge mbele, uone kama ulichoandika kipo. Zima data katikati ya kazi, ungoje dakika moja, uiwashe. Muulize ukurasa wa kwanza una uzito wa kilobaiti ngapi, na anayehitaji kliniki peke yake anapakua nini na nini; fundi aliyegawa kazi yake vizuri atakujibu bila kumeza mate. Mwisho, jaribio lisifanyikie kwenye chumba cha mikutano chenye intaneti ya waya. Mpakieni muuzaji kwenye bodaboda hadi Kinole, au apande gari la Mgeta, awe na simu ya bei ndogo na bando alilonunua mwenyewe, na amsajili mgonjwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho huku ninyi mkitazama saa.